Kodi ya makadirio: faida hakuna, kwa nini bado unadaiwa?

Mwenye duka anafunga hesabu ya mwaka na kuona kwamba hakubaki na kitu. Bei za jumla zilipanda, wateja walikopa, wakulima wa tumbaku walilipwa kwa kuchelewa na wao wakachelewa kulipa madeni dukani. Anakwenda ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, akitarajia kuhurumiwa. Anaambiwa kodi yake iko palepale.

Swali lake ni lile lile ambalo wafanyabiashara wengi wa Tabora, Nzega, Urambo, Kaliua na Sikonge hujiuliza: inakuwaje nilipe kodi ya mapato wakati mapato sikuyaona?

Jibu fupi ni kwamba kodi anayotozwa mfanyabiashara mdogo, ile inayoitwa kodi ya makadirio, haipimi faida. Inapima mauzo. Pesa zote zilizoingia dukani kwa mwaka huhesabiwa kabla ya kutoa bei uliyonunulia mzigo, nauli, pango na ushuru. Duka lenye faida nene na duka lenye hasara, kama yameuza sawa, hulipa sawa.

Sheria hiyo hiyo, hata hivyo, inampa mfanyabiashara nafasi mbili za kupunguza mzigo. Nafasi zote mbili zinategemea kumbukumbu za biashara, na zote zinahitaji kuamuliwa mapema, si wakati deni limeshafika mlangoni. Katika makala haya tunaeleza nafasi hizo kwa mifano ya shilingi.

Jedwali lina safu mbili

Kodi ya makadirio imo katika Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004. Inamhusu mtu binafsi, mkazi wa Tanzania, ambaye mapato yake ni ya biashara tu na mauzo yake hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka. Kampuni haimo. Mwalimu au muuguzi mwenye mshahara na duka pembeni asichukulie kwamba jedwali hili linamhusu moja kwa moja. Aulize kwanza.

Viwango tunavyotumia hapa ni vile vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 na kurekebishwa na ile ya mwaka 2022. Bunge hupitisha Sheria ya Fedha mpya kila Juni, kwa hiyo kabla ya kulipa hakikisha kwa ofisa wa TRA kama kuna kilichobadilika.

Mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi.

Kuanzia milioni 4 hadi milioni 11, jedwali lina safu mbili: moja ya mtu asiye na kumbukumbu kamili, nyingine ya mtu anayezitunza.

Mauzo yaliyozidi milioni 4 lakini hayazidi milioni 7: asiye na kumbukumbu analipa shilingi 100,000. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4.

Mauzo yaliyozidi milioni 7 lakini hayazidi milioni 11: asiye na kumbukumbu analipa shilingi 250,000. Mwenye kumbukumbu analipa shilingi 90,000, kisha asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 7.

Mauzo yaliyozidi milioni 11 hadi milioni 100: asilimia 3.5 ya mauzo. Hapa kumbukumbu si hiari tena. Mwenye mauzo ya kiwango hiki anatakiwa pia kuwa na mashine ya EFD ya kutolea risiti.

Tuweke hesabu mezani. Mwenye genge aliyeuza shilingi milioni 5 kwa mwaka, bila daftari, analipa 100,000. Akiwa na daftari, kilichozidi milioni 4 ni milioni 1, na asilimia 3 yake ni shilingi 30,000. Tofauti ni shilingi 70,000.

Mwenye duka aliyeuza milioni 9, bila daftari, analipa 250,000. Akiwa na daftari analipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya milioni 2, yaani 60,000. Jumla ni 150,000. Amebakiwa na shilingi laki moja, na gharama yake ilikuwa daftari, kalamu na dakika chache kila jioni.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika jedwali hili upotevu huo umeandikwa kabisa, na bei yake inajulikana.

Shilingi 11,000 kwa siku

Mtu akisikia milioni 4 anaweza kudhani ni pesa ya mfanyabiashara mkubwa. Igawe kwa siku 365 na utapata kama shilingi 11,000 kwa siku. Hiyo ni mauzo, si faida. Kibanda cha sukari, sabuni, chumvi na mafuta ya kupimia kinaweza kuvuka hapo bila mwenyewe kujua.

Desemba 2018, serikali ya Rais John Magufuli ilianza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, na waliolengwa walikuwa wale ambao mauzo yao hayazidi milioni 4 kwa mwaka. Mpaka ulikuwa ule ule. Tangu wakati huo bei ya karibu kila kitu dukani imepanda. Bei ikipanda, mauzo kwa shilingi hupanda hata kama idadi ya mifuko ya sukari uliyouza ni ile ile. Mtu anaweza kuvuka mpaka wa kodi bila kuongeza hata mteja mmoja.

Nchi tajiri zimekutana na tatizo hilo pia. Marekani ilianzisha kodi ya kima cha chini mwaka 1969, baada ya Bunge lao kuelezwa kwamba watu 155 wenye vipato vya juu kabisa hawakulipa hata senti ya kodi ya mapato ya serikali kuu kwa mwaka 1967. Shabaha ilikuwa matajiri waliojua njia za kukwepa. Lakini mipaka ya kodi hiyo haikufungamanishwa na mfumuko wa bei, na miaka ilivyosonga ikaanza kuwagusa watu wa kipato cha kati. Sheria ya kuifungamanisha na bei kwa kudumu ilitiwa saini Januari 2013. Mpaka wa kodi usioguswa kwa muda mrefu unapanuka wenyewe, na wanaoingia ndani si wale waliokusudiwa mwanzoni.

Kodi isiyouliza faida

Watu wa Tabora wanaijua kodi ya namna hii tangu zamani. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na kuendelea Ujiji ililipa hongo kwa watawala wa njiani kwa vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Kiasi kilitegemea ukubwa wa msafara na maelewano ya siku hiyo. Hakuna aliyeuliza kama pembe zitapata bei nzuri Unguja. Waliopita walilipa. Maelewano yalipovunjika, njia ilifungwa, kama ilivyotokea mwaka 1871 wakati Mirambo wa Urambo alipopigana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora na njia ya kwenda Ujiji ikazibwa.

Serikali hupenda kodi ya mauzo kwa sababu ile ile iliyowafanya watawala wale watoze misafara: ni rahisi kuona mzigo kuliko kuona faida. Faida inaweza kufichwa kwenye hesabu. Ofisa wa kodi mwenye mamia ya maduka hawezi kukaa na kila mwenye duka kuchambua gharama zake. Jedwali linampunguzia kazi, na linampunguzia mwenye duka kazi pia, kwa sababu halimlazimishi kuajiri mhasibu.

Makampuni nayo yana kodi yao ya kima cha chini. Kampuni inayotangaza hasara kwa miaka mitatu mfululizo hutozwa asilimia fulani ya mauzo hata kama hesabu zinaonyesha hasara. Kwa miaka kadhaa kiwango kilikuwa asilimia 0.5, na Sheria ya Fedha ya mwaka 2025 ikakipandisha hadi asilimia 1. Linganisha: kampuni yenye hasara ya kudumu, asilimia 1 ya mauzo, mwenye duka aliyevuka milioni 11, asilimia 3.5 ya mauzo, hasara iwepo isiwepo. Kampuni yenye faida hulipa asilimia 30 ya faida hiyo, kwa hiyo hatusemi kwamba makampuni yamependelewa kwa kila hali. Tunasema kwamba katika mwaka mbaya, mdogo ndiye anayebeba asilimia kubwa zaidi.

Jirani zetu Kenya walilipeleka jambo hili mahakamani. Sheria yao ya Fedha ya mwaka 2020 ilileta kodi ya kima cha chini ya asilimia 1 ya mauzo, ianze Januari 2021. Wafanyabiashara walipinga. Septemba 2021 Mahakama Kuu iliyoketi Machakos iliitangaza kuwa kinyume cha katiba, na Desemba 2022 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Hoja kubwa ilikuwa rahisi kueleweka na mtu yeyote wa sokoni: ukimtoza mtu mwenye hasara, hulipwi kutoka kwenye mapato yake, unalipwa kutoka kwenye mtaji wake. Hukumu ya Kenya haina nguvu kwetu, na kodi ile ilikuwa tofauti na yetu. Hoja ya mtaji, hata hivyo, inafaa kufikiriwa hapa.

Njia mbili, na wewe ndiye unayechagua

Hapa ndipo penye nafasi ya pili, ambayo wengi hawaijui. Sheria yetu haimlazimishi kila mfanyabiashara mdogo kubaki kwenye makadirio. Mtu anaweza kuchagua kutoka humo na kutozwa kwa faida halisi, kama atatunza hesabu kamili na kuwasilisha ritani yake TRA.

Anayetozwa kwa faida hutumia viwango vya kodi vya mtu binafsi, ambavyo mfanyakazi wa mshahara anavijua. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2021, faida ya hadi shilingi 3,240,000 kwa mwaka, sawa na 270,000 kwa mwezi, haitozwi. Kinachozidi hapo hadi 6,240,000 hutozwa asilimia 8. Kinachozidi hapo hadi 9,120,000 hutozwa asilimia 20, na kuendelea kupanda.

Chukua mfano wa muuza sukari na unga kwa jumla ndogo. Anauza milioni 30 kwa mwaka, lakini faida kwenye mfuko mmoja ni ndogo sana. Mwisho wa mwaka faida yake halisi ni milioni 2 na laki 4. Kwa makadirio anadaiwa asilimia 3.5 ya milioni 30, yaani shilingi 1,050,000. Karibu nusu ya faida imekwenda. Kwa faida halisi hadaiwi kitu, kwa sababu hajafika 3,240,000.

Sasa chukua mfano wa mama lishe wa stendi. Anauza milioni 12 kwa mwaka, na faida yake ni nzuri: milioni 8. Kwa makadirio analipa asilimia 3.5 ya milioni 12, yaani shilingi 420,000. Kwa faida halisi angelipa 240,000 ya ngazi ya asilimia 8, na asilimia 20 ya 1,760,000 iliyobaki, ambayo ni 352,000. Jumla 592,000. Kwake makadirio ni nafuu.

Kanuni inayotoka hapo ni hii: biashara ya mzunguko mkubwa na faida nyembamba, kama sukari, saruji, vocha au mafuta ya kupikia, inaumizwa na kodi ya mauzo. Biashara ya mzunguko mdogo na faida nene, kama chakula kilichopikwa, inalindwa nayo. Nani yuko wapi? Asiyeandika hawezi kujua, na asiyejua hawezi kuchagua.

Tuonye jambo moja. Njia ya faida halisi ina gharama zake. Kila gharama unayotaka itolewe lazima iwe na risiti. Ukinunua mzigo wa milioni 20 bila risiti, kwa hesabu za kodi ni kama mzigo huo uliokotwa, na faida yako itaonekana kubwa kuliko ilivyo. Huenda pia ukahitaji mtu wa kukuandalia hesabu, na yeye atataka malipo yake. Piga hesabu zote kabla ya kuhama.

Machi haingoji tumbaku

Kodi ya makadirio hulipwa kwa awamu nne: kabla ya mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kwa mfanyabiashara wa Dar es Salaam miezi hiyo inaweza kufanana. Kwetu haifanani. Machi watu wako shambani, pesa imekwisha kwenye pembejeo na ada za shule, na duka linauza kwa mkopo. Pesa ya tumbaku huanza kuonekana masoko yakifunguliwa, katikati ya mwaka. Awamu ya kwanza inadaiwa wakati mfuko uko mkavu kuliko wakati wote.

Dawa yake ni kuanza kuitenga awamu ya Machi katika miezi ya mavuno ya mwaka uliotangulia. Mwenye duka wa mfano wetu anayedaiwa 150,000 kwa mwaka anahitaji kutenga kama shilingi 411 kwa siku. Kwa awamu ni 37,500. Ziwekwe kwenye laini ya simu isiyotumika kwa manunuzi, au kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, mradi zisichanganyike na pesa ya mzigo. Anayechelewa huongezewa riba na adhabu, na hizo hazina jedwali la nafuu kwa mwenye daftari.

Unapolipa, lipa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa TRA, kwa benki au kwa simu, na utunze ujumbe wa uthibitisho. Neno hongo lililokuwa ushuru wa misafara leo maana yake ni rushwa. Pesa inayotoka mkononi mwako bila namba na bila risiti haikufutii deni.

Daftari liandikwe nini

Kila siku andika tarehe na jumla ya mauzo, taslimu na ya mkopo kila moja mahali pake. Andika ulichonunua, kwa nani, kwa bei gani, na uambatanishe risiti. Andika pango, nauli, umeme na mshahara wa msaidizi. Unga uliochukua kwenda kupika nyumbani uandike pia, usiuache uonekane kama umepotea.

Kama wewe ni wakala wa pesa kwa simu, tenganisha kabisa daftari la uwakala. Pesa ya mteja inayopita mikononi mwako kuwekwa au kutolewa si mauzo yako. Chako ni kamisheni. Wakala anayechanganya vitabu anaweza kuonekana ana mauzo ya mamilioni ambayo hajawahi kuyamiliki hata kwa saa moja.

Usichanganye pia aina za malipo. Ushuru wa mazao huenda halmashauri na hulipwa na mnunuzi wa zao. Leseni ya biashara ni jambo jingine. Kuwa na risiti ya ushuru wa soko hakumaanishi umelipa kodi ya mapato.

Ukikadiriwa kupita kiasi

Ukipewa makadirio ambayo hayalingani na biashara yako, usinyamaze na usifunge duka kukimbia. Zungumza na ofisa mapema ukiwa na daftari. Msipoelewana, sheria inakupa siku 30 tangu upokee makadirio kuandika pingamizi kwa Kamishna Mkuu wa TRA. Kwa kawaida unatakiwa kulipa kwanza kodi ile usiyoibishia, au theluthi moja ya iliyokadiriwa, yoyote iliyo kubwa. Usiporidhika na uamuzi, ngazi inayofuata ni Bodi ya Rufani za Kodi. Siku 30 zikipita bila hatua, hata mwenye haki anaweza kushindwa kusikilizwa.

Maoni yetu

Kodi inajenga barabara, zahanati na shule, na hatumshauri mtu yeyote kuikwepa. Kodi ya makadirio imewasaidia wengi kulipa bila makaratasi mengi. Lakini tunaona mambo mawili yanastahili kujadiliwa kila bajeti inapoandaliwa. La kwanza ni mpaka wa milioni 4, ambao unapaswa kutazamwa kila bei zinapopanda, ili mwenye kibanda asiingizwe kwenye kodi na mfumuko wa bei. La pili ni tarehe za awamu. Mikoa inayoishi kwa zao moja la msimu ingeweza kupewa ratiba inayofuata mavuno, na serikali isingepoteza hata shilingi. Wabunge wa Tabora wanaweza kuyapeleka hayo Dodoma, kama wapiga kura watawaambia.

Wakati hayo yanasubiriwa, lililo mikononi mwa mfanyabiashara ni moja. Fungua ukurasa mpya leo, andika mauzo ya leo, na kabla ya Machi piga hesabu ya njia zote mbili. Ukikwama kwenye hesabu, nenda dawati la elimu kwa mlipakodi katika ofisi ya TRA ya mkoa au wilaya yako. Maelezo hapo ni bure.